Taa ya tangi la matumbawe: macho yako ni shahidi wa uongo

Wiki niliyowasha taa ya bluu sebuleni, mama wa nyumba ya pili alinisimamisha getini. “Baba Salma, mmefungua baa?” Ukitazama kutoka barabarani, hapa kwetu Kisaasi, Kampala, dirisha langu kweli lilifanana na la klabu ya usiku. Nikamkaribisha ndani. Akainama mbele ya tangi la maji ya chumvi la lita 60, ninamofuga matumbawe na samaki, akatazama kitambo, kisha akasema: “Mbona giza hivi? Watie taa nzuri maskini, waone.”

Sikumcheka. Hilo ndilo kosa lililonigharimu mwaka mzima na fedha ambazo mke wangu bado hazijui zote. Taa ya matumbawe tunaichagua kwa macho, na katika kesi hii macho ya binadamu ni shahidi wa uongo.

Jicho letu linaona vizuri zaidi kijani kinachoelekea manjano, kwenye nanomita 555 hivi. Ukifika kwenye bluu ya nanomita 450, uwezo wake umeshuka sana. Lakini ndani ya nyama ya tumbawe amepanga mpangaji, mwani wa hadubini uitwao zooxanthela, ambao hupika chakula kwa mwanga na kulipa kodi kwa kumlisha mwenye nyumba. Mwani huo unaipenda sana bluu. Kwa hiyo taa inayoonekana hafifu kwako inaweza kuwa inaukaanga mwani huo, na ile inayokuumiza macho ikawa haiushibishi.

Mjomba wangu wa Shimoni, pwani ya Kenya, mvuvi wa kupiga mbizi, alikuwa akituambia tukiwa wadogo kwamba samaki akichomwa kule chini, damu yake si nyekundu. Tulidhani anatutisha. Kumbe maji humeza wekundu mapema, ndani ya mita chache tu, na bluu ndiyo inayosafiri mbali. Matumbawe yamezoea kuishi ndani ya bluu hiyo. Rangi za kung'aa tunazozishangaa chini ya taa, kijani kile cha sumu na rangi ya chungwa kama makaa, nyingi ni protini zinazopokea bluu na kuirudisha kwa rangi nyingine. Washa taa nyeupe tupu, nusu ya uzuri huo unapotea.

Taa yangu ya kwanza haikuwa hata ya matangi. Niliinunua katikati ya mji, taa ya ukutani ya LED, wati 50, ya kumulikia uani. Muuzaji alisema, “Ssebo, hii ni jua kabisa.” Hakudanganya, ilikuwa na Kelvini 6,500, ambayo kweli ni rangi ya mchana. Mwezi mmoja baadaye mawe yalikuwa na ukoko wa kahawia, kisha yakaota nywele za kijani nilizokuwa nazing'oa kwa mswaki kila Jumapili. (Kusema haki, mwani wa namna hiyo hulishwa na naitreti na fosfeti zitokanazo na chakula na kinyesi, na samaki wangu walikuwa wanakula kama wako harusini. Taa ilikuwa mshiriki tu.) Nilichojifunza hapo ni kwamba wati zinakuambia utalipia umeme kiasi gani. Hazikuambii tumbawe litapata nini.

Taa ya pili ndiyo iliyoniuma. Hii ilikuwa ya matumbawe hasa, yenye swichi mbili za kuzungusha, moja ya bluu na moja ya nyeupe. Nikaiona hafifu, kama jirani yangu alivyoiona. Nikazungusha zote mbili hadi mwisho.

Nilikuwa na Euphyllia mmoja, tumbawe lenye minyiri minene inayopepea kwenye mkondo wa maji kama shanga kwenye upepo. Siku ya pili minyiri ilibaki nusu. Siku ya nne ilijivuta yote, na kwenye ukingo nikaona kahawia ikiyeyuka na kuacha rangi ya maziwa. Siku ya tisa lilikuwa jeupe upande mzima ulioelekea taa, lakini upande wa kivulini bado lilikuwa na rangi yake. Mstari ulionyooka, kama mtu aliyelala ufukweni na fulana. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki matumbawe yalipauka vibaya mwaka 1998 kwa sababu ya joto la bahari. La kwangu lilipauka kwa mkono wangu, kwenye maji ya nyuzi 25, kwa sababu ya kidole kimoja kwenye swichi.

Watu wa fani hii hupima kwa PAR, yaani chembe za mwanga zinazofaa usanisinuru zinazotua kwenye mita moja ya mraba kwa sekunde, zikihesabiwa kwa mikromoli. Jua la saa sita mchana, anga ikiwa safi, hufika 2,000 hivi. Matumbawe laini na yale ya uyoga huridhika na 50 hadi 100. Euphyllia hapendi sana kupita 150. Acropora, wale wenye matawi makavu kama pembe za swala, ndio wanaodai 200 na zaidi. Mita ya PAR ni ghali, na programu za simu hupima mwanga kwa kipimo cha jicho la binadamu, kwa hiyo chini ya taa ya bluu zinarudia uongo ule ule.

Sasa kuna ushauri unaozunguka sana: nunua taa kali kuliko zote mfuko wako unazoweza, ili siku moja ufuge Acropora. Mimi siukubali. Tangi la lita 60 lina maji machache. Kalsiamu na chumvi vinayumba upesi, na Acropora ndiye wa kwanza kukasirika. Kununua taa yake leo ni kukata kanzu na mtoto hajazaliwa. Tena tangi dogo lina kina cha sentimita 30 au 35 tu, na taa nyingi kali zimetengenezwa na lenzi za kubana mwanga na kuusukuma hadi kina cha mara mbili ya hapo. Ukiiweka juu ya tangi lako unapata doa moja linalounguza, na pembeni giza.

Ningekuwa naanza upya ningetafuta LED ya wati 30 hivi, lenzi ya kutawanya mwanga, yenye bluu na nyeupe zinazopunguzwa kila moja peke yake. Hilo la kupunguza ndilo nisiloweza kuliacha. Wati 30 kwa saa 8 ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi, hata Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, haishtuki. Unaanza na asilimia 20, unaongeza 5 kwa wiki, na tumbawe likijikunja unarudi nyuma. Mkono wa kuinulia taa juu nilichomewa Katwe, mtaa wa mafundi hapa mjini, na fundi ambaye mpaka leo anaamini nafuga kambale.

Wengine huniambia jua la ikweta ni la bure, nisogeze tangi dirishani. Jua la dirishani huingia kwa ubavu, hupasha maji, na halina swichi. Mimi nimefunga swichi ya saa: taa huwaka saa nane mchana, huzima saa nne usiku. Matumbawe hayajui kwamba Kampala kumekucha saa moja, na mimi nikirudi kutoka kazini nayakuta macho.

Jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi: acha waya wa taa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda tena kuingia. Maji ya chumvi hutambaa kwenye waya, na afadhali yadondoke sakafuni.

Umeme ukikatika, taa ndiyo ya mwisho kunitia wasiwasi. Baharini pia kuna siku za mawingu. Kinachoua ni maji kusimama na hewa kuisha, kwa hiyo kabla ya taa ya pili ningenunua kwanza pampu ya hewa ya betri. Juzi mtaa mzima ulikuwa gizani, nimekaa sebuleni naisikiliza ikiguruma, mara sauti ikaja juu ya ukuta: “Baba Salma! Leo baa imefungwa mapema?”