Kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa

Wengi wanaochora kwa rangi za mafuta kundi la wazee wenye kanzu ndani ya nyumba ya mawe ya Lamu huanza na nyuso. Huko ni kujitafutia taabu. Kianze chumba.

Msana, yaani ukumbi wa nyumba hizo, ni mrefu na mwembamba, kwani upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko: meta tatu hivi au pungufu. Ukiutazama kwa urefu, boriti zinakatiza mbele yako. Zitabaki za mlalo, zikisongamana tu kadiri zinavyokwenda mbali. Mistari inayokimbilia nukta moja ni ya kingo za kuta na sakafu. Ukiyachanganya hayo mawili, dari litaonekana linaporomoka.

Ukichora umesimama, vichwa vya waliosimama wenye kimo chako vyote hugusa mstari wa macho yako, wawe karibu au mbali; kinachopanda ni nyayo. Wanaopunguza kimo cha walio nyuma bila kupandisha nyayo huishia na watoto wenye ndevu.

Weupe ndio mtihani. Kanzu ni nyeupe kweli pale tu inapopigwa na mwanga wa kiwanda, ule ua wa ndani. Upande wa kivuli huwa na ubuluu uliofifia, na karibu na busati huazima rangi ya ukili. Mbele ya ukuta wa chokaa ulioangazwa, kanzu iliyo kivulini ni nyeusi kuliko unavyothubutu kuipaka. Thubutu.

Paka turubai kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha pangusa kwa kitambaa palipo na mwanga. Wazee watatu waliokaribiana wape kivuli kimoja. Ukimpa kila mmoja chake, watafanana na nguo zilizoanikwa. Mikunjo ianzie begani, kiwikoni na gotini. Mingine iache. Na ukingo mmoja wa kanzu uyeyukie ukutani.

Weupe mtupu wa titani ni wa mwisho, madoa machache. Wa zinki siupendi: ukizeeka huwa mkavu, ukapasuka na kubanduka. Tabaka za chini zisiwe na mafuta mengi, za juu ziongezwe. Ukigeuza, la juu hukauka kabla ya la chini na kufanya nyufa. Mafuta ya kitani hugeuka manjano, hasa picha ikifungiwa gizani, hivyo kwa kanzu afadhali mafuta ya kokwa za jozi. Iliyokwisha kuwa manjano kabatini, itoe penye mwanga wiki kadhaa. Weupe mwingi utarudi.