Njooni Muione Nyumba Yenyewe

Jumamosi nilimnunulia Mama umeme wa shilingi 5,000 kwa simu, kwenye mita ya uani. Ujumbe ulipoingia niliusoma mara mbili. Kodi ya majengo: 4,500. Kilichobaki, VAT na REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) wakishachukua chao, hakikufika uniti tano.

Mita ile ilikuwa haijanunuliwa umeme miezi mitatu, ndiyo maana deni likakatwa lote kwa mkupuo. Haikununuliwa kwa sababu uani hakai mtu. Wapangaji wa mwisho walihama mwaka 2019. Vyumba viwili vya kule nyuma vimejaa vitanda vilivyovunjika, magunia matupu ya mkaa na baiskeli ya marehemu Baba ambayo Mama hataki iuzwe. Inayowaka ni taa moja tu, ya nje, kwa ajili ya vibaka.

Mama ana miaka 71. Anaishi Tandika, Dar es Salaam, kwenye nyumba aliyojenga na Baba, yeye na mjukuu wake, hapangishi, hauzi hata barafu. Sheria inamsamehe: mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60, anayeishi mwenyewe humo bila kufanya biashara, halipi kodi ya majengo kwa nyumba hiyo moja. Lakini tangu makato yalipohamia kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021 anakatwa, na anakatwa kwenye mita zote mbili, ya mbele na ya uani. Ilianza 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda 1,500. Kwa mita mbili ni 36,000 kwa mwaka, kwa mtu ambaye hakutakiwa kulipa hata senti.

Tumekwenda ofisi ya kodi mara tatu. Mara ya kwanza walitaka uthibitisho wa umri, tukarudi na kitambulisho cha NIDA. Mara ya pili walitaka barua ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akaandika na kugonga muhuri. Mara ya tatu yule dada wa dirishani akatazama kompyuta akasema, "Mama, mfumo unaonyesha una wapangaji." Nikamuuliza ni nani aliyewaona. Akanyamaza. Nikamwambia, dada yangu, twende sasa hivi, nauli nalipa mimi, ukafungue mlango kwa mkono wako. Akajibu kwa upole kabisa kwamba kwenda kukagua nyumba si kazi yake.

Mama alitoka pale hajasema neno. Kwenye daladala ndipo aliponiuliza, "Kwani mwanangu, mpaka leo hakuna aliyeiona nyumba yangu?"

Hakuna, Mama. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko hiyo hela.

Mtu asiniambie kwamba mamlaka ya kuchunguza hayapo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) nguvu ya kuingia kwenye majengo, kudai nyaraka, kumwita mtu aje ajieleze. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, tuna Mthamini Mkuu wa Serikali, tuna bodi ya wathamini. Nchi ina watu waliosomea kutazama nyumba na kusema ina thamani gani. Ila kwa kodi hii tumeamua mita ya umeme ndiyo iwe jicho la serikali. Mita inajua umenunua umeme. Haijui kama uani kuna wapangaji watano au baiskeli moja.

Haijui pia tofauti ya Masaki na Mbagala. Nyumba ya chini yenye bustani, bwawa la kuogelea na ukuta wa mita tatu kule Masaki inakatwa 1,500 kwa mwezi. Chumba na sebule cha Mbagala ambacho mvua za masika zikinyesha watu wanapanda juu ya meza kinakatwa 1,500 hiyohiyo. Ghorofa ndiyo inatozwa zaidi, 7,500 kwa kila sakafu, kana kwamba utajiri hupimwa kwa ngazi. Nimejaribu kutafuta haki katika hilo, sijaiona. Kodi ya majengo isiyotazama jengo ni kodi ya kichwa, tena kichwa cha mwenye mita. Na mpangaji ndiye anayenunua umeme; wangapi wanathubutu kumwambia mwenye nyumba awapunguzie kodi ya pango?

Nakubali, LUKU imetuondolea foleni. Wanaokumbuka watu waliosimama juani tangu alfajiri kulipia majengo watanikatalia nikisema turudi kule, na sisemi turudi. Nakubali pia kwamba mkaguzi akipewa nguvu ya kubisha hodi, wako watakaokuja kutafuta chai. Nimekulia uswahilini, nayajua hayo. Lakini dawa yake si kumfungia mkaguzi ofisini. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2020 walihesabu nyumba zao upya kwa picha za setilaiti, kisha wakazipa alama kwa vitu ambavyo mtu anaviona akiwa nje: ukubwa, paa, kuta, madirisha, barabara inayofika hapo. Nyumba zilizokuwa kwenye daftari zikaongezeka zaidi ya maradufu. Vigezo kama hivyo vikibandikwa ofisi ya mtaa, jirani anaona, mwenye nyumba anajihesabia mwenyewe, na mla rushwa anakosa pa kujificha. Mjumbe wetu wa shina angemaliza nyumba za mtaa mzima kwa wiki moja. Nani mwingine anayejua kama kwa Mama kuna wapangaji?

Na kuna hili la rufaa. Ukitaka kupinga makadirio ya kodi una siku 30 za kuweka pingamizi kwa Kamishna, ukishindwa unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, halafu Baraza la Rufani za Kodi. Vizuri. Sasa Mama azihesabu siku 30 kuanzia lini? Hajawahi kuletewa karatasi ya makadirio. Alicholetewa ni namba ishirini za tokeni, na mstari mmoja wa makato. Asiyekuja kukagua hana ripoti, na pasipo ripoti mwenye nyumba hana cha kushika mkononi akaseme hapa mmekosea. Mkaguzi akija akaandika "vyumba viwili, havina mtu", Mama ana pa kuanzia. Akiandika uongo, Mama pia ana pa kuanzia. Ndiyo maana nataka waje. Nataka wapewe hayo mamlaka waziwazi, na walazimishwe kuyatumia.

Jumatatu tunarudi mara ya nne. Nimepiga picha vyumba vyote viwili, na baiskeli, na kufuli lenye kutu. Mama ameshafagia uani na kuagiza funguo ziachwe kwa jirani, endapo watakuja yeye akiwa kliniki.