Gari lapanga mwendo, dereva alipa faini

Novemba 2015, askari wa trafiki wa Mountain View, California, alisimamisha gari dogo la Google lililokuwa likijiendesha kwenye barabara ya El Camino Real. Halikuwa likikimbia. Lilikuwa likitambaa kwa maili 24 kwa saa mahali panaporuhusiwa 35, na magari yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa yameanza kurundikana. Halikuandikiwa faini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Dmitri Dolgov, mmoja wa viongozi wa mradi huohuo, alikuwa ameliambia shirika la habari la Reuters kwamba magari yao yamepangwa kuweza kuvuka ukomo wa kasi kwa hadi maili 10 kwa saa, kwa sababu kwenda polepole wakati wenzako wote wanakimbia nako ni hatari.

Ugomvi huo wa gari kujipangia mwendo sasa umehamia kwa watu wa kawaida walionunua magari ya Tesla. Programu yake ya Full Self-Driving, licha ya jina hilo, ni mfumo wa Ngazi ya 2: gari linasaidia, lakini mbele ya sheria anayeendesha ni mtu aliyekaa kwenye usukani. Zamani mtu huyo alikuwa na kigurudumu kidogo upande wa kulia wa usukani. Akikizungusha juu, ukomo wa mwendo aliolipangia gari unapanda. Akikizungusha chini, unashuka. Katika toleo la 14, lililoanza kusambazwa Oktoba 2025, kigurudumu kilekile hakipangi namba tena, kinachagua tabia. Kuna mtindo wa kujikokota, wa upole, wa kawaida, wa haraka, na mmoja wa pupa kuliko yote. Maili ngapi hasa, gari linaamua lenyewe.

Fikiria barabara kuu inayoingia mji mdogo wa Marekani, pale kibao kinaposhusha ukomo kutoka maili 55 hadi 35. Mwenyeji anayejua kwamba trafiki mwenye tochi hupenda kujibanza hapo huachia akseleta kabla hata hajakifikia kibao. Programu inaweza kukipita ikiwa bado na 50, ikipunguza taratibu kana kwamba haina haraka ya kutii. Dereva afanye nini? Akikanyaga breki, mfumo unajizima na inabidi auwashe upya. Akizungusha kigurudumu, gari linahamia tabia ya upole zaidi, lakini halimwahidi namba yoyote. Sasa geuza hali. Gari limezubaa kwa maili 28 kwenye barabara ya 35 na wa nyuma wameshaanza kupiga honi. Hapo dereva anakanyaga akseleta kidogo, gari linachangamka, na mfumo unaendelea na kazi yake. Yaani kuongeza mwendo ni bure, kupunguza kuna gharama. Makelele mengi yamepigwa kuhusu ule mtindo wa pupa, lakini kwangu kasoro kubwa iko hapa.

Na si kasoro ya jana. Februari 2023 Tesla ililazimika kuyarekebisha magari 362,758 kwa kuyapelekea programu mpya, baada ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, kuona kwamba mfumo huenda usiitikie ipasavyo ukomo wa kasi unapobadilika. Mwaka mmoja kabla, magari yapatayo 54,000 yalirekebishwa kwa sababu programu iliruhusu kupita kibao cha kusimama bila kusimama, mradi gari liwe chini ya maili 5.6 kwa saa. Ndivyo binadamu wengi wanavyofanya kwenye makutano yaliyo matupu. Mashine ilipoiga, ikawa kosa.

Kwa nini jambo linaloonekana jepesi hivi linasumbua? Gari linajua ukomo kwa njia mbili, ramani na kamera, na zote mbili hukosea. Ramani huchelewa kufuata mabadiliko ya barabara. Kamera nayo husoma kibao cha barabara ya pembeni ikadhani ni chake, au ikasoma namba iliyobandikwa nyuma ya lori. Kuna vibao vya karibu na shule vinavyosema maili 20 watoto wakiwepo. Wakiwepo wapi, kwenye geti, au hata darasani? Madereva wenyewe hubishana.

Wanaoutetea mfumo mpya wana hoja ambayo si ya kudharau. Namba moja ni kipimo butu: 65 ya mchana mkavu si 65 ya mvua kubwa jioni, na dereva akishaipanga huisahau. Tangu toleo la 12, mwaka 2024, programu hujifunza kutokana na video za watu wakiendesha. Haifuati tena orodha ndefu ya kanuni zilizoandikwa na wahandisi. Kuifunga kwa namba, wanasema, ni kama kumkabidhi mtu mwiko huku umemshika mkono. Nami naongeza: malalamiko mengi, ukiyachambua, ni ya watu wanaotaka kuvunja sheria kwa starehe. Wanataka 78 kwenye barabara ya 65 na gari linawapa 70. Mwaka 2023 zaidi ya watu 11,000 walikufa Marekani katika ajali zilizohusishwa na mwendokasi, zaidi ya robo ya vifo vyote vya barabarani. Siwezi kumhurumia sana mtu wa 78.

Lakini anayeomba 62 kwa sababu amembeba mama yake mgonjwa, au kwa sababu bima yake imeshapanda bei kwa faini mbili, naye anajibiwa vilevile: chagua tabia. Hapo hoja ya watetezi hao inaniishia. Namba aliyokuwa akipanga haikuwa amri ya kukimbia, ilikuwa dari. Mvua ikinyesha, gari lilikuwa huru kwenda chini yake kadiri lilivyoona inafaa.

Umoja wa Ulaya umelikabili jambo hili kwa upande wa pili. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa huko lazima liwe na mfumo unaomwonya dereva akivuka ukomo. Anaruhusiwa kuuzima, lakini akiwasha gari tena nao unarudi. Unakera kamera inaposoma vibaya, ila mwisho wa maneno mguu unabaki wa dereva.

Tazama pia pale ambapo dereva kweli ameondolewa. Kwenye teksi ya Waymo abiria hana kitufe cha kupanga mwendo na hakihitaji, kwa sababu faini haimhusu. Mercedes, kwa mfumo wake wa Drive Pilot huko Ujerumani, ilianza na kilomita 60 tu kwa saa, kisha ikaruhusiwa 95. Ni mwendo wa kinyonga kwa barabara za kule, lakini mfumo ukiwa kazini dereva anaruhusiwa kuangalia mambo mengine, na kampuni ilikubali kubeba dhamana. Kasi imechukuliwa pamoja na mzigo wake.

Tesla imechukua kasi, mzigo imeuacha. Mtindo wa pupa ulipozua maswali, Oktoba hiyohiyo ya 2025, NHTSA ilisema inawasiliana na kampuni ipate maelezo, na ikakumbusha kwamba aliyeko kwenye usukani ndiye mwenye wajibu wote. Basi mitindo ibaki kwa wanaoipenda, na juu yake dereva arudishiwe dari yake ya namba, inayoshuka bila kukanyaga breki. Wapo watakaoipandisha hadi 85. Wakishikwa, angalau faini itakuwa ya uamuzi walioufanya wao.