Simba Chali, Gramu Tatu

Mimi nina kilo 96. Aliyeniangusha ana gramu tatu hivi. Naomba msicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, hapa Columbus, Ohio. Nimekaa uani na chai yangu, nimevaa jezi ya Simba, nyekundu bado inawaka maana huwa naifua kwa mkono. Mama Neema, Yanga wa kuzaliwa, yuko ndani anachoma maandazi.

Mara vuuum! sikioni. Nikajua nyigu, tena nyigu wa kuzika mtu. Nikapunga mkono, akaondoka. Nikashusha mkono, huyo karudi. Nageuza kichwa, kitu kimesimama hewani, shubiri moja tu kutoka puani kwangu: mgongo wa kijani unaometa, koo jekundu kama limewashwa taa, mdomo sindano ya hospitali. Mabawa siyaoni, naona ukungu tu. Kikanitazama kifuani. Kikasogea, kikadonoa nembo ya Simba.

Nikapiga yowe "Mama Neemaaa!" na kurudi nyuma na kiti. Kiti kikagoma, mimi nikaenda. Chai mapajani, mguu mmoja ndani ya ndoo ya kumwagilia maua.

Bibi jirani alicheka mpaka akashikilia uzio. Akijifuta machozi, akanieleza kuwa huyo ni ndege mvumaji wa koo jekundu, dume, maana jike hana wekundu huo. Anapiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde, na kwa kuwa anaishi kwa maji matamu ya maua na vijidudu, chekundu chochote lazima akikague. Kiota chake hakizidi kikombe cha kahawa ya mtaani. Jike hukifunga kwa utando wa buibui ili kitanuke makinda yakikua. Na mwili huohuo, baridi ikikaribia, wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua.

Kwetu nimezoea ndege aitwaye chozi, naye mnyonya maua. Chozi ana adabu, aghalabu anatua kwanza ndipo anyonye. Huyu anakusimamia usoni kama mdai!

Bibi akanipa na kichupa cha kumning'inizia: sukari kikombe kimoja, maji vinne, rangi usitie. Nikamshukuru, mguu bado ndooni.

Mama Neema alikuwa mlangoni, mwiko mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kwenye kundi la familia alishaandika: "Simba chali. Mfungaji: gramu tatu." Kabla sijavua soksi iliyolowa, shemeji alikuwa anapiga kutoka Mbagala.