Jua la puto na giza la mji

Mwaka 2010, katika majira ya baridi ya Melbourne, Australia, jua lilielea usiku juu ya uwanja wa Federation Square. Lilikuwa puto la mviringo lenye kipenyo cha mita 14, limefungwa kwa kamba, na projekta tano zikilimulika. Kazi hiyo, Solar Equation, ni ya Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Mexico anayefanyia kazi zake Canada. Picha zilitoka kwenye vyombo vya angani vinavyolichunguza jua, zikachanganywa na hesabu zilizopigwa na kompyuta papo hapo, hivyo milipuko na madoa yake hayakujirudia. Mwenye iPhone aliweza hata kuuvuruga uso wa jua hilo kwa simu yake akiwa chini pale.

Kipenyo cha jua ni kilomita milioni 1.39. Gawanya kwa milioni 100, unapata mita 14 kasoro kidogo. Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii: vipimo vyake ni vya kweli, na mtu asiyewahi kushika darubini alijionea jua linavyochemka, tena bila kiingilio.

Wanaozipinga kazi za namna hii wana hoja nzito. Tunawasha taa ili watu waione anga, ilhali taa ndizo zilizowanyang'anya anga hiyo. Utafiti uliotoka mwaka 2023 katika jarida la Science, kutokana na taarifa za watu wa kawaida kuhusu nyota walizoziona kwa macho matupu, ulikadiria kuwa mng'ao wa anga la usiku uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Mwambie mtoto wa mjini akuonyeshe kundi la nyota la Kilimia, uone atakavyobabaika. Ndege nao hawasalimiki. Miali miwili inayowashwa New York kila Septemba 11 kuwakumbuka waliouawa ilikadiriwa kuathiri ndege wapatao milioni 1.1 katika usiku saba tu uliochunguzwa.

Ila New York haikuifuta kumbukumbu hiyo. Kuna watu wanaohesabu ndege, na wakizidi 1,000 ndani ya miali, taa huzimwa kwa dakika kama 20 ndege watawanyike, kisha huwashwa tena.

Sasa tazama Sphere ya Las Vegas, ukumbi wa burudani wenye umbo la tufe, iliyowashwa mwaka 2023. Gamba lake la nje ni skrini ya takriban mita za mraba 54,000. Usiku huu ni mwezi, kesho ni dunia, keshokutwa ni tangazo la biashara. Waliotaka kujenga nyingine Stratford, mashariki mwa London, waliahidi kuwapa majirani mapazia mazito ya kuzuia mwanga. Ahadi hiyo ilitosha kuwaumbua: ukishamgawia jirani pazia, umekwisha kukiri unachomfanyia. Meya wa London, Sadiq Khan, aliukataa mradi Novemba 2023, na mwanga ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Wapo wanaoziweka kazi hizi mbili kapu moja kwa kuwa zote ni duara linalong'aa. Sikubaliani nao. Puto la Melbourne lilikuwa la tamasha, likashushwa. Taa za barabarani na mabango ya biashara yanayokesha yanaharibu anga kuliko lilivyoweza kufanya. Lakini sikubaliani pia na watetezi wanaodai kuwa kazi kama hizi huwafanya watu waipende anga halisi. Huenda, ila aliyeliona jua likichezwa kwa simu anaweza akaziona nyota halisi zimepoa mno.

Ningekuwa natoa vibali, puto ningeliruhusu kwa wiki chache, saa ya kuzimwa iandikwe kwenye mkataba, matangazo marufuku, na taa za uwanja zipunguzwe muda wote ambao projekta zinafanya kazi. Waandaaji walete na darubini. Skrini ya kudumu inayokodishwa kwa wafanyabiashara ipelekwe kwenye dawati la mabango, ikalipe ada kama mabango mengine.