Battir, kijiji ambacho wiki yake ina siku nane

Jamani hii stori nimekaa nayo muda sana, na kila nikiona watu wanabishana kuhusu Palestina naona bora niiandike tu, maana mabishano yetu mengi ni ya dini na mabomu, nani kampiga nani, mkulima hatumuoni kabisa. Na mi naamini ukitaka kuelewa ugomvi wa kule anza na mtu mwenye jembe lake, utaelewa haraka kuliko ukianza na hotuba za wakubwa.

Kijiji chenyewe kinaitwa Battir, kipo kusini magharibi mwa Jerusalem, upande wa Bethlehem. Ni mlimani, na mlima wote umekatwa ngazi ngazi, kila ngazi ina ukuta wa mawe uliopangwa kwa mkono bila simenti, udongo umeshikiliwa hapo usiporomoke bondeni. Juu kuna mizeituni na mizabibu, chini karibu na chemchemi ndo bustani za mboga, na bilinganya za Battir zina jina lake kule, mtu akienda sokoni anaziulizia kabisa.

Sasa maji. Kuna bwawa la zamani tangu enzi za Warumi, linajaa kutoka chemchemini, na kijiji kina koo nane kubwa zinazogawana hayo maji, kila ukoo siku yake. Ndo maana wanasema wiki ya Battir ina siku nane, yaani zamu inazunguka mpaka ukoo wa nane ndo irudi mwanzo, kalenda ya watu wengine haiwahusu. Asubuhi wanashusha fimbo ndani ya bwawa, wanaangalia maji yamefika wapi, kisha wanaigawa ile alama kwa wenye mashamba wa siku hiyo, kila mtu kwa kadiri ya shamba lake. Yeyote aliyekulia kwenye maji ya mfereji anajua zamu ilivyo na ugomvi wake, mtu mmoja akizidisha nusu saa kijiji kizima kinajua. Mfumo kama huo kusimama karne na karne kwa fimbo na kuaminiana, mi naona ni jambo kubwa kuliko majengo mengi tunayopiga nayo picha.

Mwaka 1892 Waosmani, yaani dola ya Waturuki iliyotawala kule enzi hizo, wakafungua reli ya Jaffa hadi Jerusalem na ikapita bondeni pale pale, Battir ikapata stesheni. Wanawake wa kijiji walikuwa wanapanda treni na mboga zao kwenda kuuza Jerusalem. Reli ikawa neema, na baadaye ndo ikaleta balaa, maana 1948 vita ya Israeli na Waarabu ilipofika kila jeshi liliitaka.

Tarehe 9 Aprili 1948 watu zaidi ya 100 waliuawa Deir Yassin, kijiji cha magharibi mwa Jerusalem, na habari ile ilitembea kwenye vijiji vyote kama moto. Watu wakaanza kuondoka. Oktoba majirani kabisa wa Battir, Al-Walaja na Al-Qabu, wakabaki watupu. Ule mwaka na mwaka uliofuata vijiji zaidi ya 400 vilikwisha na watu zaidi ya laki 7 wakawa wakimbizi. Battir nao wengi walikimbia, ila wachache walibaki wakiwa na bwana mmoja anaitwa Hassan Mustafa, na hapa ndo moyo wangu ulipo. Wazee wa Battir wanasimulia kwamba usiku waliwasha taa kwenye nyumba za watu waliokimbia, mchana wakaanika nguo kwenye kamba na kutoa mifugo nje, ili askari wa Israeli waone kijiji kina watu. Hebu fikiria unaingia nyumba ya jirani yako asiyekuwepo, unawasha taa yake, unatoka, unaingia nyingine, kila jioni.

Na ilifanya kazi. Aprili 1949 Israeli na Jordan waliposaini makubaliano ya kusimamisha vita kule Rhodes, reli ikaenda Israeli na mstari wa mpaka ukapita juu ya mashamba ya Battir, ila wanakijiji wakaruhusiwa kuendelea kulima mashamba yao ya ng'ambo, sharti wasiguse treni wala reli. Wakakubali na wakaishika ahadi. Waliokimbia wakarudi. Hassan Mustafa akawaongoza kujenga shule na barabara ya kwenda Bethlehem.

Watu wanasema waliokolewa na ujanja. Mi naona waliokolewa na kuonekana wapo, na kulima ndo kuonekana kwenyewe. Tena hii ina sheria yake. Kuna sheria ya ardhi ya Waosmani ya mwaka 1858, inasema shamba lisipolimwa miaka mitatu mfululizo serikali inaweza kulichukua, na Israeli ilipoikalia West Bank, yaani Ukingo wa Magharibi ambako Battir ipo, mwaka 1967 baadaye ikaitumia sana sheria hiyo kutangaza ardhi kuwa ya serikali, na juu yake vikajengwa vijiji vya walowezi, yaani Waisraeli wanaohamia kule. Kwahiyo ukimzuia mkulima asifike shambani huna haja ya kumnyang'anya, unasubiri tu.

Ndo maana mpango wa Israeli wa kupitisha ukuta wake wa utengano, ule inaoujenga West Bank, katikati ya Battir uliwatisha vile. Walienda mahakamani, na mwaka 2012 hata mamlaka ya hifadhi za asili ya Israeli yenyewe ilipinga ukuta kupita pale, ikisema utaharibu kilimo cha zamani. Juni 2014 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ikaiweka Battir kwenye orodha ya urithi wa dunia, na siku hiyo hiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na Januari 2015 ukuta ukasimamishwa. Nilifurahi sana kusoma hiyo, siwezi kudanganya.

Ila cheti cha UNESCO hakilimi. Agosti 2024 serikali ya Israeli ikatangaza kijiji kipya cha walowezi, Nahal Heletz, ndani ya eneo hilo hilo la urithi, na wiki chache kabla familia moja ya Kipalestina ilikuwa imefukuzwa kwenye ardhi yake bonde la Al-Makhrour, bonde ambalo nalo limo kwenye urithi. Watu wanaongelea idadi ya nyumba zitakazojengwa. Mi nawaza mizeituni ya pembeni, nani ataruhusiwa kupita kwenda kuipogoa. Akizuiwa mwaka huu, akazuiwa mwakani, akazuiwa na mwaka wa tatu, ile hesabu ya miaka mitatu imeshatimia.