Udongo wa mbuga na maji ya mialo ya Nzega

Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Nzega, Igunga na Tabora mjini, kwa hiyo anayependekeza kusafisha maji kwa udongo wa mfinyanzi huonekana anaturudisha kwenye lambo. Naona hajasikilizwa. Bomba linaleta maji ya kunywa. Maji machafu yanayotuama kwenye mialo, yaani sehemu ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu huosha mawe yaliyosagwa, kando ya malundo ya marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, bomba haliyagusi, na mvua ikinyesha yanateremka mbugani.

Hapo ndipo udongo una kazi. Vibamba vyake vina chaji hasi. Metali kama risasi, kadimi, shaba na zinki zilizoyeyuka majini zina chaji chanya, basi hunaswa na kushika nafasi ya kalisi au sodiamu. Ila udongo haulingani. Kaolini, ule mweupe, una uwezo wa kubadilishana, yaani wa kunasa metali kwa kuachia nyingine, wa miliekwivalenti (kipimo cha kiasi cha chaji) 3 hadi 15 kwa gramu 100. Montimoriloni, ule unaovimba ukilowa, hufika 80 hadi 120. Gramu 1 tu ya montimoriloni, vibamba vyake vyote vikikunjuliwa, ina eneo la mita za mraba 700 hivi: kiwanja kizima cha nyumba, ndani ya kijiko! Na udongo wa jamii hiyo ndio uliojaa katika ardhi nyeusi ya mbuga zetu, ile inayopasuka kiangazi na kunasa malori mvua zikianza. Mtungi hauhesabiki hapa, maana udongo ukishachomwa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo.

Wanaopinga hawakosei kila kitu. Arseniki, sumu inayoandamana na mawe mengi ya dhahabu, huwa ayoni hasi (chembe yenye chaji hasi) majini, na udongo mtupu huishika kidogo. Zebaki ya mialoni nyingi ni matone ya metali. Hiyo izuiwe kwenye beseni la kuchanganyia na kwenye ritoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea zebaki na kuikusanya tena. Wala sidai kwamba udongo peke yake utayafikisha maji ya mwalo kwenye kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha risasi, mikrogramu 10 kwa lita.

Linalonikosesha usingizi ni udongo uliokwisha kutumika. Risasi haijafa, imeshikwa tu. Maji yenye asidi yanayochuruzika kwenye marudio yakiupitia, huiachia tena. Kuufyatulia matofali ni hatari, maana zebaki iliyonaswa humo itapanda na moshi wa tanuri. Shimo la kuuhifadhi udongo huo, lenye sakafu isiyovuja na paa juu, lichimbwe kabla gunia la kwanza halijamwagwa.